Mama Dosie Anajibu: Karatasi ya FBI kutoka Lubumbashi, na shule za Korea zinafunguliwa Machi

Jambo wasomaji wangu. Mwezi huu walimu ndio wameniandikia kwa wingi. Naanza na barua fupi, kisha nitakaa na ile ndefu.

*Jambo Mama. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nakaa Ruashi. Shule moja ya Ndola, Zambia, imekubali kunichukua, lakini wanadai karatasi ya kuonyesha sijawahi kuhukumiwa. Nimeenda komini, nimepewa cheti cha mwenendo mwema. Kinatosha?*
*Mwalimu wa Ruashi*

Hapana, baba, hakitoshi. Komini inashuhudia kwamba wewe ni mkaaji wake na kwamba hakuna ubaya unaosemwa juu yako. Zambia wanataka habari za hukumu za mahakama, na hizo zinatoka upande wa parketi, ofisi ya mwendesha mashtaka: karatasi yenyewe ndiyo kazie judisieri, rekodi ya jinai. Cheti cha komini kiweke kwenye dosie, kitakusaidia, ila kazie haikwepeki. Lipa mahali wanapotoa risiti, na risiti uitunze. Ukishaipata karatasi, ambayo ni ya Kifaransa, ipeleke kwa mtafsiri aliyeapishwa aigeuze Kiingereza, usigeuze mwenyewe hata kama unakijua vizuri. Na usiikalie diplome ukingoja kazie. Zambia, tangu sheria ya 2013, mwalimu hasimami darasani bila kusajiliwa na baraza lao la taaluma ya ualimu, na diplome ya nje hupimwa na mamlaka yao ya vyeti, ZAQA. Tuma diplome huko sasa, mambo mawili yaende pamoja.

Sasa barua ya pili.

*Mama, jambo. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Nilipofika miaka 10 tulipelekwa Marekani, jimbo la Iowa. Nimesoma huko hadi kumaliza chuo kikuu, na uraia nimepata huko. Miaka miwili iliyopita nilikuja Lubumbashi kukaa na bibi yangu hapa Kamalondo, nafundisha Kiingereza kwenye sekondari. Sasa nimeomba kufundisha Korea Kusini, mpango wa serikali yao, muhula unaoanza Machi. Wanataka rekodi ya jinai ya FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu ya Marekani, yenye apostili, ule muhuri wa kuifanya hati ikubalike nchi nyingine. Kaka yangu wa Des Moines anasema nimtumie tu karatasi, ataipeleka kwenye ofisi ya jimbo ipigwe muhuri kama diplome yake ilivyopigwa. Hapa mjini kuna mtu anasema kwa dola 250 ataniletea karatasi ya FBI kwa wiki moja, hata vidole sitatoa. Bibi naye anasema niende parketi, karatasi ni karatasi. Nianzie wapi? Na shule ninayofundisha niwaambie lini? Aksanti.*
*Mwalimu wa Kamalondo*

Mwanangu, aksanti kwa kuniandikia Julai. Wengi huniandikia Januari, viza inatakiwa kesho kutwa, na hapo sina la kuwafanyia ila kuwapa pole.

Huyo wa dola 250 mwache leo hii. FBI wenyewe wanatoza dola 18. Na hakuna karatasi ya FBI inayotoka bila alama za vidole, kwa sababu wanachofanya ni kuchukua alama zako na kuzilinganisha na zile walizo nazo. Jina tu haliwaambii kitu. Anayekuahidi rekodi bila vidole anakuuzia karatasi ya uongo, na karatasi ya uongo ikifika mezani kwa maofisa wa uhamiaji wa Korea, anayeulizwa ni wewe uliyeiweka kwenye dosie. Mwalimu anayejengewa jina baya la kughushi hapati tena nchi ya kumwamini. Nakuomba sana.

Bibi yako mpe heshima yake, lakini kazie ya parketi ya Lubumbashi haichukui nafasi ya hii. Korea wanaangalia nchi ya pasipoti yako. Wanapokea walimu wa Kiingereza kwa viza yao ya E-2 kutoka nchi 7 tu, Marekani ikiwemo, na kila mmoja analeta rekodi ya taifa lake. Nasema ya taifa: rekodi ya polisi wa Iowa peke yake hawaipokei, kwa kuwa inaonyesha ya Iowa tu.

Basi utafanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya FBI, sehemu ya kuomba rekodi yako mwenyewe, ujaze ombi kwa intaneti. Malipo yanaenda kwa kadi. Kama ya benki ya hapa inakataa, kaka yako alipe kwa ya kwake. Watakutumia barua pepe yenye namba ya ombi. Chapa ile barua ya uthibitisho, iambatanishe na alama zako, utume vyote kwa kampuni ya vifurushi hadi kituo chao cha Clarksburg, jimbo la West Virginia, kwa anwani ile ile utakayoikuta kwenye barua hiyo. Ukiomba kwa intaneti, jibu nalo linakuja kwa barua pepe, na hiyo ndiyo faida kubwa kwako uliye mbali: karatasi ya jibu haivuki bahari mara mbili.

Fomu ya alama za vidole ipo kwenye tovuti hiyo hiyo, na wanaikubali ikiwa imechapwa kwenye karatasi nyeupe ya kawaida. Ila karatasi za Marekani ni fupi na pana kidogo kuliko A4 ya hapa kwetu, na mashine nyingi za mjini zinabana fomu ili itoshe. Mwambie kijana wa sekretarieti asiibane, aichape kwa ukubwa wake kamili, kisha uangalie kama visanduku vyote vimetoka bila kukatwa pembeni.

Sasa vidole. Hapa nitakuchelewesha, kwa maana hapa ndipo dosie nyingi za walimu zinapokwama. Nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya sekretarieti ya shule, nimeshika mikono ya walimu wengi juu ya kibao cha wino. Namkumbuka mwalimu mmoja wa hesabu: chaki ilikuwa imemlamba ncha za vidole hata kidole gumba kikatoka doa jeusi laini kama kifungo, hakuna mstari hata mmoja. Wewe nawe unashika chaki, na Julai ya Lubumbashi unaijua, baridi asubuhi, vumbi jekundu mchana, ngozi inapasuka. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kutoa alama, kila usiku paka mafuta mikononi, fulia na oshea vyombo kwa glavu au mwachie mwingine, na darasani andika kwa chaki iliyofungwa karatasi. Siku yenyewe usipake kitu. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, hata katikati ya vidole.

Tafuta mtu aliyeizoea kazi hiyo. Polisi wenye huduma ya utambulisho ndio wa kwanza kuulizwa. Wino uwe mweusi, na uwe mwembamba: autandaze kwa rola kwenye kioo mpaka ung'ae kidogo tu. Kila kidole kinaviringishwa kuanzia ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili, mara moja, bila kurudi nyuma. Akirudi nyuma mistari inapandana. Wewe legeza mkono, uangalie ukutani, yeye ndiye akusukumie kidole. Ukikaza, unateleza. Baada ya vidole 10 vya kuviringisha, chini ya fomu kuna nafasi ya vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja, na gumba, hivyo vinabonyezwa tu bila kuviringisha. Shika karatasi kwenye mwanga: ukiona mistari ya kijivu inayohesabika, imetoka. Ukiona weusi mtupu au nyeupe katikati, irudiwe kwenye fomu nyingine palepale. Tengeneza fomu tatu au nne, na zilizo nzuri zitume zote kwenye bahasha moja. FBI wenyewe wanashauri kutuma zaidi ya seti moja. Wakizikataa kwa ubovu, unaanza upya na kifurushi kingine cha kuvuka dunia, na Machi haikungoji.

Jina lako liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu sisi Wakongo tuna jina, postinomu na jina la ubatizo, na waliopita kambini wengi wao yalibadilishwa mahali: la baba likawa la kwanza, la ubatizo likatupwa nyuma, tarehe ya kuzaliwa ikawekwa 1 Januari. Usijaribu kusahihisha historia yako kwenye fomu hii. Kilicho kwenye pasipoti ndicho kiandikwe hapa, kwenye diplome na kwenye mkataba wa Korea. Kama diplome ina jina tofauti, waandikie chuo chako cha Iowa wiki hii hii. Na tarehe, Wamarekani huanza na mwezi: 03/08 kwao ni tarehe 8 Machi.

Muhuri. Kaka yako hakudanganyi, amechanganya karatasi mbili. Diplome, nakala yake inathibitishwa na mthibitishaji wa umma wa huko, kisha inakwenda ofisi ya Katibu wa Jimbo la Iowa, pale Des Moines, inapata apostili. Hiyo aifanye, utaihitaji, maana Korea wanadai diplome nayo iwe na apostili. Lakini karatasi ya FBI ni ya serikali kuu ya Washington. Jimbo halina mamlaka juu yake, na apostili ya Iowa juu ya karatasi ya FBI itakataliwa. Hii inapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ofisi yao ya kuthibitisha hati, pamoja na fomu DS-4194 na dola 20 kwa kila hati. Kaka asiipeleke kwanza kwa mthibitishaji kwa kudhani anaongeza nguvu. Ataiharibu. Achape ile barua pepe ya FBI, kurasa zote, aitume hivyo hivyo.

Kwa posta, wizara hiyo yenyewe imekuwa ikiwaambia watu wahesabu wiki 5 au zaidi. Anayepeleka kwa mkono Washington anapunguziwa hadi wiki 2 au 3. Iowa na Washington si jirani, lakini Wakongo wametapakaa Marekani. Ulizeni kanisani, kwenye ukoo, kama kuna ndugu wa kuaminika Maryland au Virginia anayeweza kupita pale. Nisingekushauri umlipe mtu usiyemjua. Ndani ya bahasha kaka aweke bahasha nyingine iliyokwisha kulipiwa, yenye anwani yake mwenyewe, ili hati irudi kwake Des Moines. Kisha aitume moja kwa moja Korea. Isije Lubumbashi. Wewe baki na picha yake kwenye simu.

Kuna kampuni binafsi zilizoidhinishwa na FBI kuharakisha, kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu. Unastahili. Zinalipisha zaidi, na kabla hujalipa waulize kwa maandishi mambo mawili: wanapokea alama za wino kutoka nje ya nchi? Na jibu lao linakubaliwa kuwekewa apostili na wizara? Wakijibu ndiyo kwa yote mawili, fikiria. Wakizungukazunguka, fuata njia ya kawaida, muda unao.

Tena unao hata wa kupita kiasi, na hapo pana mtego. Korea wanataka rekodi isiyopita miezi 6 tangu itolewe. Ukiikimbilia sasa ikatoka Agosti, Februari inakufa mkononi, na Februari ndiyo mwezi wa viza. Kwa hiyo Agosti tunza mikono, tengeneza fomu, sahihisha majina, diplome ipate apostili yake. Alama ziondoke Lubumbashi wiki ya pili ya Septemba. Jibu la FBI likitoka mwisho wa Septemba, muhuri unakula Oktoba na kipande cha Novemba, na karatasi inaingia Korea kabla ya Noeli ikiwa bado na uhai hadi Machi. Wakorea uliowaomba kazi wakikupa tarehe ya mapema zaidi ya kupokea hati, rudisha kila kitu nyuma kwa idadi hiyo hiyo ya wiki, na usianze na Septemba yangu.

Kuhusu kazie ya Kongo: umekaa hapa miaka miwili, Wakorea wanaweza kuiuliza. Waandikie uwaulize, jibu lao ulitunze. Wakiitaka, ujue hiyo haina apostili. Korea na Marekani zimo zote kwenye mkataba wa apostili, ule wa Hague wa 1961, sisi hatumo, kwa hiyo karatasi ya parketi inapandishwa ngazi hadi Wizara ya Mambo ya Nje Kinshasa, halafu ubalozi wa Korea, Kinshasa hiyo hiyo. Ni safari ndefu, ianze mapema. Na parketi ujitambulishe kwa pasipoti uliyoingia nayo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 10, haikubali uraia wa pili, kwa hiyo hapa, ingawa umelala kwa bibi yako, kwa sheria wewe ni mgeni mwenye viza. Inaniuma kuliandika hilo kwa mtoto wa Uvira. Lakini kutoa karatasi za zamani za Kikongo pale dirishani kutaleta maswali ambayo dosie yako haiyahitaji. Angalia pia viza yako ya Kongo isiishe katikati ya shughuli, maana ubalozi wa Korea utataka kuona unaishi hapa kihalali kabla ya kupokea ombi lako. Waandikie Kinshasa mwezi huu: mimi ni raia wa Marekani, naishi Lubumbashi, mtapokea ombi langu la E-2? Wakisema hapana, utapaswa kuombea Marekani, na hilo ulijue kabla hujakata tiketi ya ndege.

Swali lako la mwisho, la shule. Mwambie prefe, mkuu wako wa shule, Agosti hii, kabla ratiba haijapangwa. Najua unaogopa atakuondoa mara moja na Korea isipojibu ukose pande zote. Sema ukweli wote: nimeomba, sijajibiwa, nikikubaliwa nitaondoka Februari. Muombe usipewe wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, peke yako. Wale wana mtihani wa serikali, na mtoto anayebadilishiwa mwalimu wa Kiingereza mwezi Februari anakwenda mtihanini na mapengo ambayo hakuyataka yeye. Chukua madarasa ya chini, na kwa wafinalisti jitolee kumsaidia mwenzako tangu Septemba, ili ukiondoka wawe wanamfahamu. Wazazi wa Kamalondo wanalipa minervali, karo ya shule, kwa shida, mwanangu. Andaa masomo ya mwaka mzima kwenye daftari safi, yenye kurasa za kitabu na mazoezi yaliyokwisha sahihishwa, umkabidhi mkononi yule atakayeshika darasa.